Fuwele ya itriamu vanadati: ya kiwandani au ya mwambani?

Kinachopimwa hapa ni kipande cha itriamu vanadati (YVO4) kilichokuzwa kiwandani, urefu milimita 10, kikakatwa mhimili wake wa mwanga (mwelekeo ambao mwanga ukiufuata haugawanyiki) ukilala nyuzi 45 na uso. Wauzaji wa vifaa vya maabara hukiita kitenganisha miali, kwa sababu hugawa mwali mmoja wa mwanga kuwa miwili. Kikemia na kimuundo ni madini yaleyale ya wakefieldaiti-(Y), yaani itriamu vanadati ya asili inayopatikana mwambani. Tofauti ni kwamba ya mwambani haitakuonyesha lolote kati ya haya yanayofuata.

Jaribio la kwanza ni la dakika moja. Tia nukta kwa kalamu yenye ncha nyembamba kwenye karatasi nyeupe, weka kipande juu, tazama kwa wima. Nukta zinakuwa mbili, zimeachana kama milimita 1. Zungusha kipande taratibu: moja inatulia palepale, ya pili inaizunguka. Sasa pitisha kioo cha miwani ya polaroidi mbele ya jicho na ukigeuze. Moja inazimika, ukigeuza nyuzi 90 zaidi inawaka na mwenzake anazimika. Hapo fuwele imefanya kazi yote uliyoinunulia.

Ukiona nukta moja tu, usikimbilie kusema umeuziwa kioo cha dirisha. Mara nyingi kosa ni mkato. Vipande vinavyotengenezwa kwa ajili ya leza, vyenye neodimiamu kidogo, hukatwa mhimili ukiwa umelala sambamba na uso, na kwa mkato huo miali miwili hupita njia moja ukitazama wima. Ni fuwele nzuri, ila si ya kazi hii. Kosa la pili ni unene: kipande cha milimita 3 huachanisha nukta kwa milimita 0.3 tu, na wino wa kalamu ya kawaida, wenye upana wa nusu milimita, huifunika tofauti yote.

Tangazo la kwamba itriamu vanadati inaishinda kalsaiti (madini ya chokaa ambayo nayo hugawa mwanga) lipokee kwa tahadhari. Ni kweli tofauti ya vipimo vyake viwili vya kupinda mwanga mwekundu ni kubwa zaidi (1.99 na 2.22, dhidi ya 1.66 na 1.49 vya kalsaiti). Lakini kwa mkato wa nyuzi 45 zote mbili hukengeusha mwali kwa takriban nyuzi 6. Hapo hakuna mshindi. Vanadati inashinda kwenye uimara: ugumu wake ni kama 5 kwenye kipimo cha Mohs, kalsaiti ni 3, kwa hiyo kalsaiti hukwaruzika kwa urahisi zaidi.

Kasoro zipo. Bila upako (tabaka jembamba la kupunguza uakisi), zaidi ya moja ya tano ya mwanga hupotea kwenye nyuso mbili. Wenye upako nao wanunue kwa kuangalia umepangiwa mwanga gani, kwa sababu ule wa nanomita 1064, mwanga wa leza usioonekana, hausaidii sana macho yetu. Rangi ya manjano au kijivu ndani ya kipande huashiria upungufu wa oksijeni tangu fuwele ilipovutwa kutoka kwenye uji wa zaidi ya nyuzi 1800 za Selsiasi. Ilipaswa kurudishwa tanuruni kwenye hewa ya oksijeni. Kirudishe dukani. Na usikioshe kwa maji ya moto: kikipata joto hutanuka upande mmoja zaidi ya mara mbili ya upande mwingine, na nyufa huanzia pembeni. Asetoni kidogo kwenye karatasi ya lenzi inatosha.

Sampuli asilia ni soko jingine kabisa. Wakefieldaiti-(Y) ilielezwa kutoka Evans-Lou, Quebec, Kanada, na huko ni unga na ukoko mwembamba tu. Aina yenye seriamu badala ya itriamu ina nasaba ya Kongo: mwaka 1977 ilielezwa kutoka Kusu, kusini-magharibi mwa Kinshasa, ikiwa na risasi ndani yake, ikaitwa kusuaiti kabla ya jina kubadilishwa kuwa wakefieldaiti-(Ce). Ya lanthanamu imetoka Ujerumani, ya neodimiamu Japani. Herufi za kwenye mabano hutaja elementi inayoongoza, na jicho au lenzi ya mkono haiwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo lebo isiyoandamana na matokeo ya uchambuzi wa kemikali ni neno la muuzaji tu. Ukinunua, dai pia jina la mgodi. Usiisage wala kuipiga brashi kavu, maana vumbi la vanadi na risasi si la kuvuta puani.

Kwa darasa la fizikia, nunua cha kiwandani, nyuzi 45, milimita 10, bila upako. Sampuli ya Kusu mwachie mwenye kabati la madini na hadubini.