Renjifainda tatu nilizotumia porini, na ile namba ya kwenye boksi

Mi ni mtu wa Kirumba hapa Mwanza, ila msimu wa uwindaji wa kitalii ukifunguliwa Julai naenda kuendesha gari la kambi upande wa Maswa, na kwa vile macho bado mazima wakaniongezea kazi ya kumsomea mteja umbali. Msimu wa tatu huu. Watu wananiuliza sana renjifainda ipi nichukue, yaani kile kidude cha kuchungulia kinachopima umbali kwa leza, basi ngoja niseme nilichokiona, mi sio mtu wa fizikia lakini hivi vitu nimevivaa mpaka kamba imenichubua shingo.

Ya kwanza niliagiza mwenyewe mtandaoni, boksi limeandikwa mita 1000, bei ya kuchekesha, chapa siitaji. Ilivyofika tu nikapanda nayo kwenye mawe kule Capri Point nikaanza kupima kila kitu, bati za nyumba za mlimani mita mia tisa na ushee inasoma fasta, nikajiona mjanja. Nikageukia ziwani, kimya, vistari tu, maana mwanga ukigonga maji unateleza unaenda zake mbele, mpaka ulenge mtumbwi ndo upate namba. Hapo ningekuwa na akili ningeshtuka. Hii mashine kwa kweli inapima muda, inarusha leza inagonga kitu inarudi, kwenda na kurudi mita 300 ni sehemu mbili za milioni ya sekunde, sasa mwanga usiporudi wa kutosha itahesabu nini? Bati linarudisha vizuri. Ngozi ya mnyama hairudishi hivyo, na mbogo aliyetoka kugaagaa kwenye tope ndo kabisa. Kwa hiyo ile 1000 ya boksi ni ya bati na mawe meupe, kwa mnyama we igawe mara mbili au tatu uone kinachobaki.

Ila kilichoniumbua ni nyasi, sio hiyo namba. Kuna kongoni dume alisimama nyuma ya majani marefu, nikapima, 140. Nikamwambia mteja 140. Tunaye traka, mfuata nyayo, mmoja mzee wa Kisukuma, tunamwita Babu, akanivuta shati, "mjukuu wangu, huyo yuko mia mbili na sabini, umepima nyasi." Nikapima tena, 140 tena, nikaanza kubishana na mzee kwa kunong'ona, hebu fikiria. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mteja, akatoa ya kwake, 274. Babu hata hakucheka, alinyamaza tu, na ndo iliuma zaidi. Bunduki ya mteja ni .375, risasi nene hiyo, imesetiwa ipige palepale unapolenga kwenye mita 200, kwenye 274 risasi inakuwa imeshashuka zaidi ya sentimita 20, angepiga kwa namba yangu angemvunja mguu tukashinda siku nzima tunafuata damu, na kambini kwetu mnyama ukimjeruhi akapotea unamlipia kama umemwangusha.

Kumbe ile niliyonunua ni ya gofu. Wacheza gofu wanataka ishike kitu cha kwanza kabisa, yaani bendera, isihangaike na miti ya nyuma. Porini ni kinyume chake, unataka iruke majani na matawi ishike cha nyuma. Kabla hujatoa hela uliza hilo kwanza, inashika cha mbele au cha mbali, muuzaji akianza kukwambia habari za zumu ondoka. Na boriti ya leza sio sindano, inapanuka, nyingi ukifika mita 400 ina upana wa nusu mita na zaidi, ndo maana inagusa na vitu ambavyo hujavilenga.

Ya pili niliuziwa mtumba na mtu wa kambini, laki mbili na nusu, inakuza mara 6, ina modi zote mbili, ya cha mbele na ya cha mbali, na inatoa hesabu ya mteremko. Hiyo ya mteremko niliidharau mwanzoni. Ukiwa juu ya kilima cha mawe mnyama yuko chini nyuzi 30, mashine inakwambia 300 lakini upigaji wako ni wa mita 260, maana risasi inavutwa chini kwa umbali wa mlalo, sio ule wa mshazari. Inafanya kazi vizuri tu, kwa swala pala na nyamera ndani ya mita 350 sijawahi kulalamika. Shida yake maandishi ni meusi. Jua likishazama unalenga kichaka cheusi unatafuta namba nyeusi, unabaki unakodoa.

Ya tatu sio yangu, ni Leica Rangemaster CRF 2400-R ya mteja, nilikaa nayo siku kumi. Inakuza mara 7, namba nyekundu zinazojirekebisha kulingana na mwanga, na pofu aliyekuwa mita 780 nilimpata kwa kubonyeza mara moja tu, nimeegemea boneti. Mita 780 hakuna mtu anapiga pofu, tulikuwa tunapanga tu tunyemelee wapi. Bei yake sasa ni kama nusu ya pikipiki mpya, mi na mshahara wangu naiangalia tu.

Kitu kingine, betri. Zangu zote zinakula CR2, kale kafupi kanene, na nimezunguka Rwagasore mpaka Makoroboi kila duka wananiletea ile bapa ya rimoti ya gari. Siku hizi namwagiza mtu Dar nne kwa mpigo.

Ile ya gofu nimemuuzia jamaa yangu wa Buswelu anayeuza viwanja, anasema atakuwa anawaonyesha wateja mipaka haraka haraka. Nimemwambia hiyo inakosea mita moja huku au huku, na kwenye kiwanja mita moja ni ugomvi wa kufikishana baraza la kata. Kanijibu hela umeshapokea.