Florida 2000: kura zihesabiwe kwa mashine au kwa mkono?
Ni uchaguzi wa rais wa Marekani, Bush dhidi ya Gore, na jimbo la Florida lilikuwa na kura zinazokaribiana. Kambi ya Bush ilitaka hesabu ya mashine ibaki. Ya Gore ilidai mkono, tena katika kaunti nne tu, zote alizoshinda yeye. Ujanja huo ulimgharimu.

Mashine ni ya haraka na haina chama. Ila wapigakura wengi wakati huo walitoboa tundu kwenye kadi kumchagua mgombea; kadi ikitobolewa nusunusu, kipande kikabaki kinaning'inia, mwanga haupiti na kura haisomeki. Mkono huiokoa: mhesabuji anainua kadi kwenye taa na kuikagua. Kasoro ni kipimo. Kona mbili za kipande zikiachia, ni kura? Na kadi iliyobonyea tu bila kutoboka je? Kaunti zilijibu kila moja kivyake, na hapo ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani iliposhika, ikafunga hesabu ya mkono Desemba 12. Bush akabaki mbele kwa kura 537.