Sili za ukanda wa bati: nimefunga nazo malori miezi mitano, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, kuna kitu kidogo sana ambacho sisi watu wa mizigo tunakishika kila siku na hakuna anayekaa kukijadili, ile sili ya bati, ule ukanda mwembamba wenye kichwa cha mviringo upande mmoja na ulimi upande wa pili, unaupitisha kwenye tundu la komeo la lori, unachomeka ulimi kwenye kichwa, unasikia tak, imejifunga yenyewe, haina funguo wala haihitaji koleo. Katoni yetu ilikuja na sili 1,000 na saivi zimebaki kama 200 hivi kwa hiyo naongelea kitu nilichokishika kwa mikono yangu, na kimenikata pia, nitafika huko.

Nyota natoa tatu kati ya tano. Ningetoa nne kama isingekuwa kichwa.

Kwanza tuelewane maana hata kazini tulibishana sana. Bosi alipoiona mara ya kwanza alichukua mkasi wa bati akaikata kra mara moja tu, akasema mmeninunulia takataka hii itamzuia nani? Nikamwambia bosi hii haikuletwa kumzuia mtu, ya kuzuia ni kufuli. Hii kazi yake ni kutuambia kama mlango umefunguliwa njiani, basi. Mwizi akiikata poa tu, tutaona imekatwa. Tatizo ni yule anayeifungua akachukua chake halafu akairudisha ikakaa vile vile na wewe ukasaini kwamba mzigo umefika salama, huyo ndo sili inatakiwa kumkamata. Kwa hiyo ukitaka kuipima usiulize ina nguvu kiasi gani, uliza hivi, ikichakachuliwa itaonyesha?

Na hata kwenye viwango iko hivyo hivyo. Kiwango cha kimataifa cha sili za makontena, ISO 17712, kimezigawa madaraja matatu kwa herufi I, S na H, na mojawapo ya vipimo ni nguvu ya kuvuta mpaka ikatike. H ni kuanzia kilonewton 10, yaani kama tani moja hivi inaning'inia, hapo ndo zilipo zile za bolti nene. S inaanzia kilonewton 2.27, karibu kilo 230. Chini ya hapo zote ni I, za kuonyesha tu, na ukanda wa bati uko humo pamoja na za plastiki. Sasa ukimkuta muuzaji anakwambia sili yake ya bati ni ya usalama wa hali ya juu we mwache aongee.

Haya tuje kwenye kichwa maana ndo kila kitu kiko hapo.

Nilichukua tatu nikazipasua kwa msumeno wa chuma nione ndani kuna nini. Kichwa ni vibakuli viwili vya bati vimebanwa pamoja, ndani kuna pete ya waya wa springi, imekaa huru inacheza cheza. Ulimi una tundu karibu na ncha. Unapousukuma unaipisha pete pembeni, tundu likifika pete inarudi kwa nguvu yake inadumbukia kwenye tundu, ukivuta nyuma pete inakuwa imekaba. Ni akili nzuri sana kusema kweli, hakuna kitu cha kukaza wala cha kuminya, tofauti na zile za waya na kidonge cha madini ya risasi ambazo lazima uwe na koleo lake la kugonga chapa na siku koleo limepotea kazi imelala. Ndo maana mabehewa ya reli kule Marekani yamefungwa na hizi bati kwa miongo mingi, ni rahisi na zinafungwa haraka.

Ila zetu zina pete moja. Kuna nyingine zina pete mbili, moja juu ya nyingine, na nilidhani ni mbwembwe za wauzaji tu mpaka siku nilipofanya jaribio.

Jaribio lenyewe lilikuwa la kienyeji. Nilifunga sili 20 kwenye komeo bovu la stoo, nikaandika namba zake, nikawaambia vijana wa kupakia kila mtu achukue muda wake, atakayeifungua na kuifunga tena bila mimi kugundua soda juu yangu. Wengi walizing'oa tu, nyingine wakazikunja mpaka zikapata makunyanzi ambayo hata kipofu angeyagusa akajua. Lakini kijana mmoja, mpole sana yule hata haongei, akanirudishia tatu zimefungwa safi. Nikazitazama nikasema hizi hazijaguswa. Akacheka. Alikuwa ameshazifungua zote tatu, kazi ya dakika chache kwa kila moja, kwa kipande cha bati alichokipata hapo hapo chini.

Sitaeleza alifanyaje hatua kwa hatua maana sio wote wanaosoma hapa ni watu wema, ila chanzo chake nitakisema kwa sababu ni kosa la usanifu na anayetengeneza anaweza kulirekebisha, mdomo wa kichwa umepwaya. Ulimi ukishaingia bado kuna nafasi ya kitu kingine chembamba kupita pembeni yake. Mdomo ukiubana ubakie unene wa ulimi tu na unywele, huo mchezo unakuwa mgumu sana, na ukiongeza pete ya pili inabidi mtu azisogeze zote mbili kwa wakati mmoja akiwa haoni ndani. Sa mtengenezaji naye ana shida yake, akiubana mdomo kupita kiasi ulimi unakwama, mfungaji ana haraka, ana malori sita yanasubiri, anasukuma nusu anaondoka. Ndo hapo unaona kwa nini vitu vya bei rahisi vinapwaya, vimepwaya ili visilete malalamiko.

Na hilo la kusukuma nusu ndo lililonisumbua kuliko wizi. Ile tak unayoisikia sio ushahidi wa chochote, mara nyingine ni ulimi tu umegonga ukingo. Mwezi wa pili lori letu moja lilifika likiwa na sili imechomoka inaning'inia, watu wakaanza kutazamana vibaya, dereva akawekwa chini akahojiwa kama jambazi, mzigo ukahesabiwa mara mbili ukawa kamili. Tukaja kugundua haikufungwa vizuri tangu mwanzo, na aliyeifunga ni mimi. Nilimwomba radhi yule mzee mbele ya watu. Tangu siku hiyo nikishafunga navuta kurudi nyuma kwa nguvu, kila sili, hata kama mvua inanyesha.

Hapa vichwa vyenye vidirisha vinasaidia, yaani vitobo viwili vidogo kwenye kichwa unachungulia unaona ulimi umefika na umekabwa. Zetu hazina, kichwa kimezibwa kote. Ila kitobo nacho ni mlango, ukiweza kuchungulia unaweza pia kuchokonoa na sindano. Wakati napasua zile tatu nilikuwa nawaza ningekuwa mimi nasanifu ningefanyaje, nikaona labda vitobo viwe upande ambao pete haifikiki, vionyeshe ncha ya ulimi tu na sio pete. Sio fundi mimi lakini hilo nadhani linawezekana.

Tuje kwenye namba. Hapa nawapa hongera, namba zimegongwa kwenye bati lenyewe, tarakimu saba, ukipitisha kucha unazisikia. Huko nyuma tulikuwa na za kuchapwa kwa wino, kitambaa chenye thina kinafuta namba yote na bati linabaki linang'aa. Kugongwa nako kuna ujanja wake, mtu anaweza kupiga tupa na kujaza, lakini ile rangi ya juu itaharibika na ataacha alama. Kasoro ni kwamba namba iko katikati ya ukanda, mbali na kichwa. Mimi ningeisogeza ikae kabisa shingoni, karibu na kichwa, sababu mtu akitaka kuunga kichwa cha sili nyingine kwenye ukanda wenye namba yako atakata hapo hapo shingoni, akikuta namba imekaa pale inabidi aikate.

Kutu sasa. Hizi zimepakwa madini ya bati juu ya chuma, kama makopo, na watu wanachanganya na mabati ya nyumba ambayo yamepakwa zinki. Sio kitu kimoja. Zinki ikikwaruzwa inajitoa yenyewe iliwe kabla ya chuma, lakini ile ya makopo ikikwaruzwa chuma kinabaki wazi na nje kwenye unyevu kinaliwa haraka zaidi. Halafu ukanda unakatwa baada ya kupakwa kwa hiyo kingo zote ni chuma kitupu. Lori likilala nje siku nne kwenye mvua kingo zimeshakuwa nyekundu. Mtu atasema kutu kidogo ina shida gani? Shida ni mikwaruzo. Mimi nikikagua natafuta mikwaruzo mdomoni mwa kichwa, na kutu inaifunika yote, siwezi kujua kama hapa kuna mtu alichokonoa au ni maji tu. Kwa safari fupi sawa, kwa mzigo unaokaa nje muda mrefu mimi siwezi kuishauri.

Kingo zenyewe ni wembe. Nimekatwa kidole gumba mara mbili na kijana mmoja alichanika kiganja mpaka akapelekwa kushonwa. Zipo ambazo kingo zimekunjwa kwa ndani, hazikati na pia haziyumbi ukizipitisha, ila zinakuwa nene na kwenye makomeo yenye tundu dogo hazipiti. Nunueni glovu, basi.

Urefu, hii haraka haraka. Ukanda wa bati una urefu mmoja tu, huwezi kuuvuta ukakaza kama zile za plastiki zenye meno. Kwenye komeo lililochakaa unabaki kitanzi kikubwa, mlango unafunguka upana wa vidole viwili sili ikiwa nzima kabisa. Vidole viwili vinatosha kabisa kwa mtu mwenye waya na subira! Pimeni komeo lenu kabla hamjaagiza. Na mkiwa hapo angalieni bolti za komeo lenyewe, maana kama nati ziko nje mtu anafungua komeo zima na sili yako inabaki inang'aa haijaguswa, na hapo usimlaumu aliyetengeneza sili.

Mtikisiko wa barabara mbovu nao, kama 10 hivi zilikatika zenyewe shingoni, chuma chembamba kikipindwa pindwa kinachoka. Wengine watasema afadhali ikatike kuliko idanganye, mimi naona ikikatika ovyo ni mbaya vile vile, kwa sababu mara ya tano mpokeaji ataona sili imekatika na ataandika 'barabara' bila hata kufungua macho.

Kuna timu ya watafiti iliyokuwa maabara ya Los Alamos huko Marekani walizijaribu sili za aina nyingi sana, za bei rahisi na za bei mbaya, na walichokuta ni kwamba karibu zote zinaweza kushindwa na mtu mmoja mwenye vifaa vya kawaida na kwa muda mfupi, na kilichosaidia ni mkaguzi kujua anatafuta nini. Nilipolisoma nikamkumbuka yule kijana wangu mpole. Wanaosafirisha makontena kwenda Marekani chini ya C-TPAT, ule mpango wa forodha ya Marekani wa usalama wa mizigo, wanafundishwa mambo manne, tazama, linganisha namba, vuta, zungusha. Kuzungusha ni kwa zile za bolti maana kuna wajanja wanaikata na kuitengenezea nati, ukizungusha inafunguka. Ya bati usiizungushe sana utaikata mwenyewe, ila matatu ya mwanzo yanaifaa, na sisi mpokeaji wetu alikuwa anafanya moja tu, kulinganisha namba, tena kwenye picha ya simu.

Kingine wengi mnakisahau, sili mpya zikiachwa mezani ni sawa na hundi tupu. Tulikuwa tunaacha katoni wazi kwa karani, mtu yeyote anapita anachota. Saivi zimefungiwa, zinatolewa kwa daftari kwa mfuatano wa namba, na zilizokatwa zinarudi na karatasi za mzigo kabla ya kuharibiwa. Na tafadhali msizifunge kwenye vizima-moto, nimeona mahali wamefanya hivyo, siku ya moto mtu anahangaika kutafuta mkasi, pale inatakiwa ile ya plastiki laini inayokatika kwa mkono.

Je nitanunua tena? Hizi hizi hapana. Aina hii ndio, lakini yenye pete mbili na mdomo uliobana. Hizi 200 zilizobaki nimeziweka kwa masanduku ya vifaa humu humu ndani ya stoo ambako hakuna mvua. Sampuli za muuzaji mwingine zimefika juzi, 20, nikazimwaga mezani na kumwita kijana wangu na kipande chake cha bati. Mpaka jioni alikuwa ameharibu saba na hajafungua hata moja, na soda bado iko kwenye friji.