Vepu ya Kubeba kwa Majani Makavu na Nta: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe Mwisho

Mnunuzi wa vepu ya kubeba, yaani kifaa kidogo cha kuvutia mvuke wa majani, aanze na maswali mawili kabla hajatazama bei: joto linayafikia majani kwa njia gani, na mvuke unagusa vitu gani kabla haujafika mdomoni. Skrini, programu ya simu, taa na rangi vinaweza kusubiri, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuokoa kifaa kinachounguza majani au kinachonuka plastiki kila kinapopata moto.

Kazi ya kifaa hiki ni kuyapasha majani hadi yatoe mafuta na viambato vyake bila kuyachoma. Lavenda hutosheka na takriban nyuzijoto 130 za Selsiasi, kamomili huhitaji kama 190, na viambato vikuu vya bangi, kwa watu wazima walio katika nchi ambazo sheria inairuhusu, hutoka kati ya 160 na 220. Joto likikaribia 230, majani huanza kuungua na mtumiaji anavuta moshi uleule aliotaka kuukwepa. Ndiyo maana ninakipa uzito mkubwa kifaa kinachoonyesha joto kwa namba na kuruhusu liongezwe au lipunguzwe kidogo kidogo. Mvuke nao si hewa safi, na mwenye maradhi ya mapafu au mwenye mimba hana mashine ya kupendekezewa hapa.

Katika vifaa vingi vidogo, ukuta wa chemba, yaani kitundu cha kuwekea majani, ndio unaopata moto, na majani huiva kwa kuugusa. Utengenezaji wake ni rahisi na umbo lake huingia mfukoni bila taabu, lakini majani ya pembeni huwahi kuliko ya katikati, na yote yanaendelea kupikika hata pale mtumiaji anapopumzika. Vifaa vingine hupasha hewa, nayo hupenya katikati ya majani pale tu mtu anapovuta. Ladha yake ni safi zaidi, ingawa hula betri na hutaka mvuto mrefu wa taratibu. Vilivyo bora huchanganya njia zote mbili. Anayetaka kukipima kifaa ayamwage majani yaliyotumika juu ya karatasi nyeupe: yakiwa na rangi ya kahawia iliyolingana, joto limesambaa vizuri, yakiwa meusi pembeni na ya kijani katikati, hakuna tangazo litakalobadilisha ukweli huo.

Nafasi ya kwanza ninaipa Mighty+ ya kampuni ya Storz & Bickel ya Ujerumani. Inachanganya njia mbili za joto, inafikia kiwango kilichowekwa kwa takriban dakika moja, na mvuke wake hupitia kipande cha kupoozea kinachofunguka chote kwa ajili ya kuoshwa. Anayetumia nta, yaani mafuta mazito yaliyokamuliwa kutoka kwenye majani, pia anaweza kuweka ndani ya chemba kisahani cha nyuzi za chuma kinachoinyonya, kwa hiyo halazimiki kununua kifaa cha pili. Ina kasoro mbili ambazo mnunuzi anapaswa kuzikubali mapema: ni nene kwa mfuko wa suruali, na betri zake hazitolewi kwa mkono, hivyo zikichoka kifaa kinahitaji fundi.

Ya pili ni Solo 2 ya Arizer, kampuni ya Kanada. Majani hukaa kwenye mrija wa kioo, na mvuke hupita ndani ya mrija huohuo hadi mdomoni, jambo linaloifanya iongoze kwa ladha kuliko nyingine zote katika orodha hii. Betri yake hudumu sana. Kioo huvunjika, bila shaka, na mrija wa akiba ununuliwe siku ileile.

Ya tatu haina betri kabisa. DynaVap, inayotengenezwa Marekani, ni kijiti chembamba chenye kifuniko cha chuma kinachopashwa kwa kiberiti cha gesi. Kifuniko hulia "tik" joto linapotosha, na hulia tena kinapopoa. Hubeba takriban gramu 0.1 tu, kwa hiyo inamfaa sana anayetumia kidogo kidogo. Inataka mkono uliozoea, kwani anayeendelea kuwasha moto baada ya mlio atayaunguza majani, na haimfai mtu ambaye mikono yake hutetemeka.

Vifaa vya aina ya Pax, chapa ya vepu ndogo za mfukoni, ninaviweka nafasi ya nne. Ni vizuri kwa umbo na havivuti macho ya watu, lakini joto lake ni la ukuta, chemba inataka kujazwa na kushindiliwa vizuri, na njia yake nyembamba ya mvuke huziba kwa utomvu isiposafishwa mara kwa mara kwa spiriti.

Mwisho ninaziweka kalamu za katriji, yaani vepu nyembamba zenye kichupa kilichojazwa mafuta tayari, kwa kuwa mnunuzi haoni kilichochanganywa ndani. Marekani iliumizwa na jambo hili mwaka 2019: hadi Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki kwa majeraha ya mapafu yaliyohusishwa na kuvuta vepu, 68 kati yao wakiwa wamekufa, na uchunguzi ulihusisha maradhi hayo kwa nguvu na asetati ya vitamini E iliyotiwa kwenye mafuta, hasa yaliyopatikana nje ya maduka halali. Anayetaka kutumia nta pekee achague kifaa chenye kikombe cha kwarzi au kauri kinachotoka na kuoshwa, mahali ambapo anaweza kuona kwa macho yake anachokiweka.

Kabla ya kulipa, hakikisha vichujio, mipira ya kuzuia hewa na midomo ya kuvutia vinauzwa kimoja kimoja, kwa kuwa hivyo ndivyo huharibika kwanza. Anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba kifaa chenye betri ya lithiamu, pamoja na betri zozote za akiba, hubebwa kwenye mkoba wa ndani ya ndege wala si kwenye mizigo ya chini, na kwamba chemba inapaswa kusafishwa isibaki hata chembe, kwani sheria ya anakokwenda huenda isifanane na ya anakotoka.