Hadithi ya vijidudu au mdoli mgonjwa wa meno?

Unamfundisha mtoto kupiga mswaki, na njia ni hizi mbili. Hadithi haina gharama: vijidudu vinakula sukari iliyobaki mdomoni, vinatoa asidi, asidi inatoboa jino. Mtoto wa miaka 4 anaelewa. Ila usivitie chumvi vijidudu hadi viwe mazimwi; wangu aligoma kulala, akidai yanatembea ulimini.

Mdoli hufundisha mikono. Mtoto anakuwa daktari, anamsugua mgonjwa wake taratibu hadi magego ya nyuma, kisha zamu inageuka: wewe unamsugua yeye, dakika 2, kwa dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayokinga meno yasitoboke), isiyozidi punje ya njegere. Hadi miaka 7 hivi bado anahitaji msaada wako, na mchezo huu unakupa kisingizio.

Ningeanza na mdoli. Hadithi ningeiweka akiba kwa usiku wa kununa.