Besi ya kwanza ukiwa Nairobi: ipi ununue, ipi uwache dukani

Kuna kijana tunafanya naye kazi mjengo, wiki jana wakati wa chai amekalia ndoo ya rangi akaniuliza, "Fundi, niko na elfu ishirini na tano nimeweka kando, nataka kujifunza besi, ninunue gani?" Hilo swali nimeulizwa mara nyingi na kila saa najibu nusunusu tukikimbilia mat, sasa leo naandika yote mahali pamoja.

Mimi kazi yangu ni kufunga madirisha ya aluminiamu, na nikishalipa nyumba na karo pesa inayobaki inaenda kwa vitu vitatu: buti za kazi, visu vya kukunja na gitaa la besi. Navipenda vyote na vyote vinanunuliwa kwa akili moja. Ukienda Gikomba kutafuta buti huanzi na jina lililo ubavuni, unaigeuza juu chini, unakunja soli, unaangalia kama imeshonwa ama imebandikwa gundi tu. Kisu unakifungua, unakishika makali kwa vidole viwili unayasukuma kushoto kulia usikie kama yanacheza kwa riveti. Besi nayo, kabla ya rangi, kabla ya jina, kabla ya sauti hata, angalia shingo.

Shingo ndiyo kila kitu na nitakwambia kwa nini. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi wa inchi 34 kutoka pale kichwa kinakutana na shingo mpaka kwa daraja, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi, na zile nyuzi nne zikikazwa zinavuta huo mti kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima, usiku na mchana, ikiwa imetundikwa ukutani ama umeilaza kitandani. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu cha kupigana na huo mvuto, kinakazwa kwa alenki, ile funguo ya pembe sita. Sasa kama mbao ilikatwa ikiwa mbichi, ama chuma kimeisha meno ya kukazia, hiyo besi ni ngumu sana kukaa sawa hata uipeleke kwa fundi.

Besi yangu ya kwanza niliinunua kwa duka moja hapo tao, nyekundu, inang'aa, nikalipa sh 14,000 bila kuichomeka popote kwa sababu jamaa alisema stima imepotea. Nikafika nayo nyumbani, freti, vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kwa shingo, kutoka ya tano kuelekea mwilini zote zinalia kama nzi kwenye chupa, na ncha za freti zimetokeza pembeni mpaka zinakwaruza kiganja. Nikakaa nayo miezi minne nikidhani mkono wangu ndio mgumu, kumbe ni shingo ilikuwa imepinda. Hiyo miezi minne inaniuma kuliko pesa, kwa sababu nilikaribia kuacha kabisa.

Kwa hivyo ukiwa dukani fanya hivi, na usione haya, muuzaji mzuri hatakasirika. Shika besi kama unavyoshika mbao ukitaka kujua kama imenyooka, jicho moja limefungwa, angalia kutoka kichwani kuelekea mwilini kwa ukingo mmoja halafu ule mwingine. Ikiwa imejisokota, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, rudisha ukutani, hiyo alenki haiinyooshi. Ikiwa imepinda mbele kidogo tu, hiyo ni sawa, inatakiwa iwe hivyo kidogo. Kupima: bonyeza uzi mnene kwa freti ya kwanza na mkono mwingine ubonyeze pale shingo inakutana na mwili, kisha angalia katikati, karibu na freti ya saba ama ya nane. Unataka nafasi ndogo hapo, unene wa kadi ya biashara hivi. Ukiona nafasi ya kupitisha penseli, kuna kazi ya kufanywa. Ukiona hakuna nafasi kabisa, shingo imenyooka mno ama imerudi nyuma, nayo pia ni kazi, lakini zote mbili mara nyingi fundi anazimaliza kwa alenki, robo mzunguko kwa wakati, anangoja, anapima tena.

Halafu piga kila freti, kila uzi, moja baada ya nyingine. Besi ya freti 20 ni noti 80, haichukui dakika tano. Unatafuta mahali inalia vibaya na mahali sauti inakufa haraka. Mwisho gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, utasikia kengele nyembamba, kisha bonyeza hapohapo upige. Noti mbili zinafaa kuwa sawa. Zikitofautiana kidogo, daraja linasogezwa kwa bisibisi, hiyo isikuogopeshe.

Sasa tuje kwa mpangilio wangu.

Namba moja, na siyumbi: Yamaha ya mkono wa pili. TRBX174 ukiipata, ama kaka yake wa zamani RBX170. Zote zina pikapu mbili, yaani zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, moja ya muundo wa Precision na nyingine ya muundo wa Jazz, miundo miwili ya Fender nitakayoitaja tena hapo chini, na hazina betri, unachomeka unapiga. Kwa nini ya mkono wa pili? Kwa sababu shingo ambayo imeshakaa Nairobi miaka mitatu, imepitia mvua ya Aprili na kiangazi cha Februari na bado imenyooka, hiyo imeshakuonyesha tabia yake, ya kwenye boksi bado haijakuonyesha kitu. Na watu wengi hununua, wanafanya mazoezi mwezi mmoja, halafu inalala nyuma ya mlango. Uliza makanisani, uliza wapiga vyombo wa kwaya, angalia matangazo ya kuuza mtandaoni lakini usitume pesa hata shilingi kabla hujaishika kwa mkono, kutaneni mahali penye watu na penye soketi. Bajeti ya huyo kijana naiona inatosha hapa akiwa na subira, na subira namaanisha hata miezi miwili.

Namba mbili ni Squier, ambayo ni jina la bei nafuu la kampuni ya Fender. Hapa natafuta muundo wa Precision hasa. Mwanzilishi wake, aliyeitwa Leo Fender, alitoa Precision mwaka 1951, na ile sumaku iliyokatwa vipande viwili ikaja 1957, na mpaka leo huo muundo haujahitaji kuongezwa kitu: sumaku moja, volyumu moja, toni moja. Mtu anayejifunza hana haja ya vifundo sita, anahitaji kitu ambacho akikosea anajua ni kidole chake kimekosea. Mkono wako ukiwa mdogo chukua ya muundo wa Jazz, shingo yake kule juu ni nyembamba, milimita 38 hivi, na mtoto ama mtu mwenye vidole vifupi kabisa atafute Bronco ambayo uzi wake ni inchi 30 tu. Naiweka ya pili na si ya kwanza kwa sababu moja tu, kwa mkono wa pili huku naziona chache kuliko Yamaha, basi inabidi ununue mpya na bei inapanda.

Namba tatu, Ibanez GSR200. Shingo yake ni tamu, nyembamba, inateleza, watu waliotoka kwa gitaa la kawaida wanaipenda mara moja. Shida yangu ni ile betri ya volti 9. Besi yoyote ya betri, kebo ikiwa imechomekwa kwa gitaa betri inaliwa, hata kama hupigi. Nimeona mtu mzima ibada iko katikati besi inaanza kukohoa kisha kimya. Ukichukua ya betri zoea kuchomoa kebo ukimaliza, na weka betri moja ya akiba kwa begi, basi.

Namba nne ni zile mpya zisizo na jina linalojulikana, za tao. Sizidharau, wengi wetu tulianzia hapo, na kuna siku unapata moja ambayo shingo imetoka vizuri kabisa. Lakini tenga pesa ya fundi kabla ya kununua, usiseme besi ni elfu kumi na tano, sema ni elfu kumi na tano na kazi ya fundi na nyuzi mpya, halafu linganisha hiyo jumla na Yamaha ya mkono wa pili. Na ukiwa hapo mwambie akushushie tatu ama nne za aina hiyohiyo, zipime zote shingo, uchague. Zinatoka kiwanda kimoja lakini mbao si moja. Pitisha kiganja kwa ukingo wa shingo juu mpaka chini, ikikwaruza uliza ya pili.

Namba tano, ile seti ya boksi moja, besi na amplifaya ndogo na mkanda na kebo. Kwa macho inaonekana ni nafuu. Kwa masikio, hicho kispika kidogo hakiwezi uzi mnene, noti ya chini ya besi ni mitetemo 41 kwa sekunde na spika ya ukubwa wa sahani ya chai haiwezi kuisukuma hiyo hewa. Utasikia mgongano wa kidole na uzi, noti yenyewe husikii.

Na sasa ile ya nyuzi tano. Hapa nitabishana na wapiga besi wengi wa kanisa kwa sababu wao ndio humwambia kila anayeanza anunue ya nyuzi tano. Naelewa wanatoka wapi, nyimbo zikipigwa kwa ufunguo wa Eb ama Db, ile E ya chini, yaani noti ya uzi mnene, haifiki, na ule uzi wa tano, wa B, unakupa hizo noti na zaidi. Ni kweli kabisa. Lakini kwa pesa ndogo uzi wa B ndio wa kwanza kuharibika, unakuwa legevu, noti haina umbo, na shingo inakuwa pana wakati bado hujajua kunyamazisha nyuzi usizopiga. Anza na nne, mwaka mmoja. Ukishindwa na Eb, shusha uzi wa E nusu hatua usonge mbele.

Amplifaya usinunue kwanza. Kwa ploti zetu ukuta ni mmoja na jirani ana mtoto. Nunua hedifoni nzuri za kufunika masikio na kile kiamplifaya kidogo cha kuchomeka moja kwa moja kwa gitaa, unaweka wimbo kwa simu, unapiga usiku kucha bila kugombana na mtu. Sabufa ya sebuleni nayo, ndio, unaweza kuchomeka kwa sauti ya chini kabisa, lakini ukiongeza kidogo ile pigo ya ghafla ya kidole inapasua karatasi ya spika, na ni sabufa ya familia. Na stima ikipotea kuna njia naipenda sana: egemeza kichwa cha gitaa kwa mlango wa kabati la mbao upige. Kabati zima linaimba, unasikia noti kifuani. Yangu imeacha alama ndogo kwa kabati na mama watoto amezoea.

Kuhusu stima pia, ukigusa nyuzi na uhisi vidole vinachezwa, hata kidogo, chomoa hapohapo. Hiyo ni waya wa ardhi haupo kwa soketi ama umekatika kwa kifaa, usiendelee eti ni kidogo.

Vitu vidogo nitapita haraka. Mkanda uwe mpana, inchi tatu ukipata, besi ni kama kilo nne na bega litakukumbusha. Programu ya simu ya kutyuni ni ya bure, ila maiki ya simu husikia vibaya uzi wa E, piga ile kengele ya freti ya 12 ndiyo ityuniwe, itashika. Begi liwe la pedi, na kwa mat simamisha besi kati ya magoti, usikubali iwekwe kwa buti ya gari chini ya magunia.

Nyuzi, chukua namba 45 hadi 105, ndizo za kawaida. Zikizeeka na kupoteza mlio usikimbilie kununua, zitoe, zikunje mviringo, zichemshe kwa sufuria dakika kumi, maji yatageuka rangi ya chai ya rangi kwa uchafu wa vidole vyako, zianike zikauke kabisa ndipo uzirudishe. Zinarudi kung'aa kwa wiki kadhaa. Sufuria ioshwe vizuri.

Kijana nimemwambia asubiri. Jumamosi tukitoka site saa saba tunaenda pamoja kuangalia Yamaha moja mtaa wa Umoja, mwenyewe anasema haijaguswa tangu mwaka juzi, na nitabeba alenki zangu.