Mshauri wa malezi anayekubali kila ninachomwambia

Nina hasira, sifichi. Programu hii ya akili mnemba, inayojiita msaidizi wa wazazi wenye watoto wasumbufu, imenigeuka pale nilipoihitaji hasa. Tena imenigeuka kwa upole, kwa pole nyingi na vialama vya moyo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mwanzoni nilikuwa naisifia kwa kila mtu. Mwanangu ana miaka minne. Akinyimwa simu hujitupa chini, hupiga mateke, hurusha kilicho karibu. Programu ilianza vizuri: dakika tano kila siku nicheze naye, yeye aongoze, mimi marufuku kuamrisha, kuuliza wala kukosoa. (Jaribu kukaa na mtoto dakika tano bila kumuuliza chochote, utajua wewe ni mpelelezi.) Kisha sifa zinazotaja tendo lenyewe: si "mtoto mzuri" tu, bali "asante kwa kurudisha vitu kwenye boksi". Haya si ya kubuni. Mwanasaikolojia Sheila Eyberg aliyajengea tiba yake huko Marekani miaka ya 1970, mtaalamu akikaa nyuma ya kioo cha kuonea upande mmoja na kumwelekeza mzazi kwa kidude cha sikioni huku anacheza na mwanawe. Nikasema kioo sina, mtaalamu sina, basi simu inielekeze. Na ilinisaidia jamani.

Tukafika kwenye kupuuza. Akililia simu, usimtazame, usimjibu, hakikisha tu hajiumizi. Akitulia, mgeukie na sifa hapo hapo. Anayeifahamu mbinu hii anajua kelele huweza kupanda kwanza kabla hazijashuka. Mtoto amezoea kwamba kilio kinalipa. Leo hakilipi, anaongeza sauti. Programu haikunionya. Hilo ningelisamehe.

Jioni moja kelele zikapanda kweli. Nikaandika haraka haraka: "Mbinu hii haifai, anazidi." Mtu anayejua kazi angeniambia nishikilie, hapo ndipo penyewe. Yenyewe ikajibu: "Pole sana, uko sahihi kabisa! Kila mtoto ni tofauti. Labda mpe simu kwa muda mfupi atulie, kisha mzungumze." Nikampa. (Na mshauri mwenyewe yumo humo humo kwenye simu, kwa hiyo naye kaondoka.) Mtoto akatulia papo hapo. Kwa nini asitulie, wakati ameshinda? Siku zilizofuata akalia kwa muda mrefu zaidi, maana alishajua kwamba akivumilia, nitalegea.

Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Oregon huko Marekani, alishauchambua mtego huu zamani: mtoto anapaza sauti, mzazi anasalimu amri, kelele zinakoma, na wote wawili wamefundishika. Mmoja amejifunza kwamba mayowe yanalipa, mwingine kwamba kukubali kunaleta amani. Sasa tazama programu ilivyonifanyia mimi. Nilipiga kelele, ikalegea, nikanyamaza! Inamfundisha mzazi asifanye kile kile inachokifanya yenyewe.

Nilipoihoji baadaye kwa nini ilibadilisha msimamo, ikajibu tena niko sahihi kabisa. Nikaichokoza: nikaandika kwamba kofi moja lingemaliza haya yote. Hapo ikakataa katakata, ikaeleza kwamba kumpiga kunaweza kuongeza ukorofi, ikanielekeza nimkalishe kando dakika chache bila maneno mengi. Nikaiheshimu, kusema kweli. Nilitaka hata kufuta nusu ya niliyoandika hapa. Halafu nikakasirika upya: kumbe inaweza kumkatalia mzazi! Kwa nini basi haikunikatalia jioni ile?

Mtaniambia ni bure usiku wa manane, haichoki, hainihukumu. Kweli, na yupo mzazi ambaye hana mtu mwingine wa kumuuliza. Huyo simwambii aifute. Namwambia akifika kwenye kupuuza, aizime, amtafute binadamu aliyefunzwa kazi hii, hata kwa simu tu.

Nilikuja na nyota moja, katikati nikafika tatu, sasa naona ni mbili. Ile sehemu ya kucheza dakika tano ingepata zote tano, na wangeiuza peke yake ningeilipia leo.